Laini mbili si mifumo miwili: kwa nini simu nzuri hukwama kati ya Bukirasazi na Kobero

BUKIRASAZI, Gitega — Mfanyabiashara wa maharage anayetoka Bukirasazi kwenda kuuza mpakani Kobero ana safari ndefu mbele yake. Hupanda hadi Gitega mjini, akapita Karusi, akafika Muyinga, ndipo ateremke mpakani. Siku hiyo hupiga simu nyingi kuliko siku nyingine za wiki: kumuuliza dereva amefika wapi, kumuuliza mnunuzi wa Kabanga bei imeamkaje, kuwauliza wa nyumbani kama magunia yaliyobaki yamefunikwa. Simu yake ndiyo ofisi yake. Ndiyo maana anapokwenda kununua nyingine, swali lake la kwanza ni lile lile la kila mtu: ina laini mbili?

Muuzaji hujibu ndiyo, hufungua mfuniko wa nyuma na kuonyesha nafasi mbili za kadi. Hajasema uongo. Lakini nafasi mbili za kadi hazimwambii mnunuzi jambo lililo kubwa zaidi, yaani simu hiyo inaelewana na minara ya aina gani. Kuna simu ya laini mbili inayojua mfumo mmoja tu, na kuna simu ya laini moja inayojua mifumo miwili au mitatu. Wanaochanganya mambo hayo mawili ni wengi, na hasara yake huonekana baada ya pesa kutoka mfukoni, mara nyingi baada ya mpaka kuvukwa na muuzaji kubaki upande wa pili.

Simu zinazofika vilima vya Gitega na Muyinga huingia kwa milango kadhaa. Zipo mpya za bei nafuu kutoka Asia, nyingi zikipitia Dar es Salaam na kufuata njia ile ile ya malori hadi Kabanga na Kobero. Zipo zilizotumika, zinazoletwa kwa mafungu na wachuuzi. Na zipo za zawadi, zinazotumwa na ndugu walio ng'ambo. Mlango huu wa tatu ndio uliowafundisha wengi, kwa maumivu, kwamba simu ina mfumo.

Maelfu ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuishi miaka mingi katika kambi za Tanzania walihamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2007. Walipopata kazi, walifanya wanachofanya ndugu wote: walituma pesa, nguo na simu. Simu ikafika nzuri, inang'aa, skrini kubwa. Aliyetumiwa akaishika, akatafuta mahali pa kuweka kadi yake ya Burundi, asipaone. Au akapaona, akaweka kadi, na simu ikakaa kimya bila hata alama moja ya mtandao. Fundi akaifungua na kuifunga bila kukuta kitu kilichoharibika. Simu ilikuwa nzima. Ilikuwa imetengenezwa kwa mfumo ambao Burundi hautumii.

Sokoni kuna watu wengi

Ulimwengu wa simu za mkononi uligawanyika mara mbili katika miaka ya 1990. Upande mmoja ulikuwa GSM, mfumo uliozaliwa Ulaya. Simu ya kwanza kwenye mtandao wa biashara wa GSM ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Upande wa pili ulikuwa CDMA, uliosukumwa na kampuni ya Qualcomm ya San Diego, Marekani, na kuanza biashara Hong Kong mwaka 1995. Mifumo yote miwili inatatua tatizo moja: watu wengi wanataka kuzungumza kwa wakati mmoja, na mawimbi ya kupitishia sauti ni machache.

Anayetaka kuelewa tofauti yake asimame Kobero siku ya soko. GSM ni kama soko ambalo kila mtu hupewa zamu: wewe sema kidogo, mwenzako aseme kidogo, kisha irudi kwako. Njia moja ya mawimbi hukatwa vipande vinane vya muda, na zamu hupita haraka kiasi kwamba sikio halitambui kama sauti ilikatwa. CDMA ni soko ambalo wote wanasema kwa pamoja, ila kila wawili wana lugha yao. Huyu anasema Kirundi, yule Kihangaza, wa tatu Kiha, wengine Kiswahili. Kelele ni moja, lakini sikio lako linachota lugha unayoijua na kuziacha nyingine zipite.

Kwa mhandisi, CDMA ilikuwa na sifa nzuri, na si ajabu kwamba simu za 3G za upande wa GSM baadaye zilichukua wazo hilo hilo la kutenganisha watu kwa misimbo. Kwa mfanyabiashara, tofauti kubwa ilikuwa kwenye kadi. GSM ilitenganisha simu na namba tangu mwanzo: namba iko kwenye kadi, kadi unaitoa na kuihamisha. Katika simu nyingi za CDMA namba iliandikwa ndani ya simu yenyewe. Ukitaka kubadili simu, unarudi kwa kampuni. Ukivuka mpaka, huwezi kuichomeka kadi ya upande wa pili, kwa sababu hakuna pa kuichomeka. Baadhi ya simu za CDMA zilipokea kadi, lakini kadi hiyo haikuifanya simu isome minara ya GSM.

CDMA haikuwa jambo la Marekani peke yake. Ilifika Afrika Mashariki, na ilifika karibu sana na Muyinga. Tanzania, kampuni ya TTCL iliuza simu za mkononi za CDMA, Zantel nayo ikauza huduma hiyo, na mwaka 2009 Sasatel ikaingia sokoni ikiwa na CDMA pekee. Rwanda, Rwandatel ilianza na CDMA kabla ya kufungua GSM mwishoni mwa mwaka 2008. Kenya, Telkom ilikuwa na simu zake za CDMA kabla ya kuingia GSM kwa jina la Orange mwezi Septemba 2008. Bei za kupiga zilivutia, na kwa intaneti ya wakati ule zilikuwa na mwendo mzuri. Aliyeuza duka Ngara au Kigali na kupigia mtandao huo huo alikuwa na sababu ya kufurahi.

Kisha kampuni zikaanza kuyumba au kugeuka. Rwandatel ilinyang'anywa leseni ya simu za mkononi mwezi Aprili 2011. Sasatel haipo tena. TTCL ilihamia teknolojia za 4G, na simu za CDMA zilizokuwa mikononi mwa wateja zikabaki hazina mnara wa kuzungumza nao. Hapo ndipo uonevu wa jambo hili unapoonekana. Kampuni inapobadili mfumo, hasara ya mitambo huandikwa kwenye vitabu vyake na mwaka unaofuata hufunguliwa vitabu vipya. Mchuuzi aliyenunua simu ishirini za mfumo unaozimwa hana kitabu kama hicho. Ana mkoba wa simu ambazo fundi atanunua kwa ajili ya spika na skrini tu.

Dawa ilikuwa simu yenye mifumo miwili

Watengenezaji walilijua tatizo hili mapema, na wakatoa simu zenye mitambo ya mifumo yote miwili ndani ya ganda moja. Nyingine zilikuwa na nafasi mbili, moja ya CDMA na moja ya GSM. Hizo ndizo simu ambazo kwa haki ziliitwa za laini mbili na mifumo miwili kwa pamoja. Nyingine zilikuwa na nafasi moja tu, zikitumia CDMA nyumbani na GSM ugenini.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa iPhone. Mwezi Februari 2011, kampuni ya Verizon ya Marekani ilianza kuuza iPhone 4 ya CDMA ambayo haikuwa na nafasi ya kadi hata kidogo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo ikatoka iPhone 4S, yenye GSM na CDMA pamoja. Kwa macho, simu hizo mbili zinafanana kiasi cha kumchanganya hata aliyezoea. Ya kwanza, ikiwa ya Verizon, Gitega ni kioo cha kujitazamia. Ya pili ingeweza kufanya kazi, mradi kampuni iliyoiuza haikuwa imeifunga isipokee kadi za wengine.

Na hata simu ya GSM kutoka Marekani haikuwa na hakika. Mitandao ya GSM ya kule ilitumia masafa ya 850 na 1900, huku kwetu ikitumia 900 na 1800. Simu yenye masafa mawili ya Marekani pekee haikusikia chochote Burundi, ingawa mfumo ni ule ule. Zile zilizoandikwa kwamba zina masafa manne ndizo zilizotembea dunia nzima bila wasiwasi.

Ushindi wa GSM katika kanda hii, hata hivyo, haukuletwa na masafa wala na ubora wa sauti. Uliletwa kwa sehemu kubwa na pochi. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Huduma za namna hiyo kwenye simu ndogo hutegemea menyu inayofunguka ukibonyeza nyota, tarakimu na alama ya reli. Menyu hiyo ni sehemu ya GSM. CDMA haikuzaliwa nayo. Mfanyabiashara alipoanza kupokea malipo kwa simu, mtandao usio na menyu ukawa duka lisilo na droo ya pesa. Leo Burundi kuna Lumicash ya Lumitel na EcoKash ya Econet Leo, ng'ambo ya Kobero kuna M-Pesa, HaloPesa na Airtel Money, na kwenye kitochi cha bei ndogo kabisa zote hufunguliwa kwa nyota na reli.

Ugomvi wa leo una majina mengine

Verizon ilizima mtandao wake wa CDMA mwishoni mwa mwaka 2022. Kwa hiyo simu ya CDMA pekee ikiletwa leo sokoni, haina kazi huku wala kule ilikotoka. Lakini anayedhani shida ya mifumo imekwisha aangalie simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa sasa. Ugomvi umehamia kati ya 2G, 3G na 4G, na tena umejificha nyuma ya maneno yale yale: laini mbili.

Katika simu nyingi za laini mbili za miaka iliyopita, ambazo bado zinazunguka masokoni, nafasi ya kwanza hupokea 3G au 4G, na ya pili hupokea 2G tu. Mwenye simu huweka kadi ya Burundi ya kwanza na kadi ya Tanzania ya pili, akiwa Muyinga kila kitu ni sawa. Akivuka hadi Kabanga, anataka kutuma picha ya mzigo kwa WhatsApp kupitia kadi ya Tanzania, na picha haiendi. Hulaumu mtandao, hununua vocha nyingine, hulaumu tena. Kosa liko kwenye nafasi. Akizibadilisha kadi, au akiingia kwenye mipangilio na kuipa laini ya pili kazi ya intaneti pale simu inaporuhusu, picha itaenda.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji halisemi, na huenda halijui. Simu nyingi za laini mbili zina mtambo mmoja tu wa mawimbi unaogawanywa kati ya kadi mbili. Laini zote mbili huonekana ziko hewani, lakini ukizungumza na moja, nyingine haipatikani. Mfanyabiashara anayebishana bei na mtu wa Gitega kwa dakika kumi hajui kwamba mnunuzi wa Ngara amepiga mara tatu na kuambiwa kwamba simu haipatikani. Mnunuzi huyo hasubiri, humpigia mwingine. Kwa anayeuza bidhaa inayooza, kama ndizi mbivu au nyanya, dakika hizo kumi zina bei. Dawa ya bei nafuu ni kuwasha huduma ya kuhamisha simu kwenda laini nyingine, lakini kuhamisha kati ya nchi mbili hulipiwa kama simu ya nje. Ndiyo maana wapo ambao bado hubeba simu mbili, na anayewacheka hajafanya biashara ya mpakani.

Upande wa 4G, masafa yamerudi kuwa mtego. Mitandao ya 4G duniani hutumia masafa mengi zaidi kuliko GSM ilivyowahi kutumia, na simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi moja inaweza kukosa yale yanayotumika hapa. Simu hiyo haitakaa kimya kama ya CDMA. Itashuka hadi 3G au 2G, na mwenyewe ataamini amenunua simu ya 4G iliyo nzito. Aidha, si kila simu ya 4G inaweza kupitisha sauti juu ya 4G. Nyingi hushuka hadi 2G au 3G kila zinapopigwa. Maadamu minara ya 2G ipo vilimani, hilo halimsumbui mtu. Marekani, AT&T ilipozima 3G mwezi Februari 2022, wenye simu za namna hiyo walijikuta hawawezi kupiga. Simu hizo zilizotupwa kule ni bidhaa kwa mtu fulani, na bidhaa husafiri.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi ana silaha moja isiyogharimu kitu: kadi zake mwenyewe. Aende sokoni na kadi zake mbili, aziweke zote kwenye simu kabla ya kulipa, apige kwa kila moja, na afungue menyu ya pesa kwa kila moja. Kisha azibadilishane nafasi na kurudia. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu swali. Kwa anayenunua Muyinga mjini huku akitaka simu ya kutumia Tanzania, jaribio la kadi ya Tanzania halikamiliki hapo. Huyo ni bora anunue karibu na mpaka, mahali anapoweza kuhakikisha na kurudi siku hiyo hiyo.

Silaha ya pili ni kubonyeza *#06#. Simu ya GSM itaonyesha namba tambulishi yenye tarakimu 15. Ya laini mbili kwa kawaida itaonyesha namba mbili. Ikionekana namba fupi yenye herufi za A hadi F ndani yake, bila ile ya tarakimu 15, hiyo ni simu ya CDMA, na bei yake sahihi ni ya vipuri. Zikionekana zote, ni ya mifumo miwili. Namba ya kwenye skrini ilingane na ya kwenye boksi na ya chini ya betri.

Jambo hilo si la kupuuzwa na anayevuka kwenda Tanzania. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima kwenye mitandao ya nchi hiyo simu zenye namba tambulishi bandia. Kabla ya tarehe hiyo wananchi walielekezwa kutuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kujua simu yao ni ya aina gani. Mwenye kadi ya Tanzania ndani ya simu bandia anaweza kukuta upande wa Burundi inafanya kazi, akivuka inakufa.

Kadi nayo ina mambo yake. Tangu Mei 2019 laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole. Wapo wafanyabiashara wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki wa Ngara au mwenye nyumba wa Kabanga. Kwa kupiga simu, hatari ni ndogo. Kwa kupokea malipo ya mzigo, salio hilo kwa karatasi ni la aliyeweka kidole, na ugomvi ukitokea hakuna simu ya mifumo miwili itakayomsaidia mwenye maharage.

Minara haijui mpaka

Vilima vya Kobero na Kabanga vinatazamana, na mawimbi hayaonyeshi pasipoti. Simu iliyoachwa ijichagulie mtandao inaweza kushika mnara wa ng'ambo ikiwa bado upande wake, na mwenyewe akakatwa gharama za ugenini bila kuvuka hata hatua moja. Tiba yake iko kwenye mipangilio ya simu: kuzima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja na kuchagua kwa mkono, kisha kuzima intaneti ya ugenini kwenye laini isiyo ya hapo.

Kinachosumbua ni kwamba gharama hizo zilikwisha kuonyeshwa kuwa zinaweza kupungua. Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania ili mteja wake apige akiwa nchi nyingine kwa bei za wenyeji. Celtel haikuwa Burundi. Mwezi Oktoba 2014 serikali zenyewe zikaanza Eneo Moja la Mtandao, likianza na Kenya na Rwanda, Uganda ikifuata, huku bei ya dakika moja ikiwekewa kikomo cha senti 10 za Dola. Burundi na Tanzania hazikuwamo katika mwanzo huo, ingawa Burundi ni mwanachama wa Jumuiya tangu tarehe 1 Julai 2007 na mpaka wa Kobero na Kabanga una kituo kimoja cha forodha. Lori husimama mara moja; mwenye mzigo hubadili laini.

Hata umiliki haujasaidia. Lumitel ya Burundi na Halotel ya Tanzania, zote zilizoanza mwaka 2015, ni za kampuni moja, Viettel ya Vietnam. Mwenye mali ni mmoja, na mfanyabiashara wa Muyinga bado hutembea na kadi zao mbili.

Kwa hiyo anayetoka Bukirasazi wiki hii akiwa na simu mpya ya laini mbili, aiweke kadi atakayoihitaji zaidi kwa picha na malipo kwenye nafasi ya kwanza kabla hajapita Muyinga. Kituo cha forodha si mahali pazuri pa kufungua mfuniko wa simu, na kadi iliyoanguka kwenye vumbi la Kobero haipatikani kwa urahisi.